Leza Inaona Rangi, Ugonjwa Auone Daktari

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Mada niliyopewa ni matibabu ya leza kwa uso wenye wekundu, mishipa ya damu inayoonekana na madoa meusi. Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu mada hii ni moja: "Daktari, mashine ipi ndiyo nzuri?" Watu huja wakiwa tayari wamekariri jina la mashine, wameona picha za kabla na baada, na kilichobaki ni kupangiwa siku.

Jibu langu huwakera wengi. Mashine haina habari na ugonjwa wako. Inachokijua ni rangi. Uielekeze kwenye doa lililoletwa na jua, kwenye melasma, yaani mabaka ya kahawia ya usoni, au kwenye saratani inayoanza, kwake yote ni weusi tu. Wa kutofautisha ni binadamu aliyeishika. Kwa hiyo kabla ya kuulizia mashine, uliza nani ameuangalia uso wako kwa karibu, na amekwambia hicho ulichonacho ni kitu gani.

Naomba dakika chache za fizikia, kwa sababu bila hiyo mengine yote yatakuwa maneno ya tangazo. Mwaka 1917 Albert Einstein alieleza kwamba atomu iliyojaa nishati inaweza kuchochewa na mwanga ikatoa mwanga mwingine unaofanana kabisa na ule ulioichochea. Wazo hilo lilikaa kwenye karatasi hadi tarehe 16 Mei 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko California, akitumia fimbo ya yakuti ya kutengenezwa. Madaktari hawakungoja. Miaka michache tu baadaye Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alikuwa anaijaribu kwenye ngozi ya binadamu.

Leza za mwanzo hazikuwa na simile. Ile ya gesi ya agoni, iliyotumika kufuta mabaka mekundu ya kuzaliwa katika miaka ya 1970, ilimwaga mwanga mfululizo. Joto likatoka kwenye mshipa likasambaa kwenye ngozi ya pembeni, na wapo waliobadilishana baka kwa kovu. Mambo yaligeuka mwaka 1983, Rox Anderson na John Parrish wa Boston walipochapisha makala katika jarida la Science. Hoja yao inaelezeka kwa pumzi moja: chagua mwanga ambao kile unachokilenga kinaunywa kuliko vilivyokizunguka, upige kwa muda mfupi kuliko muda kinaohitaji kupoa, kisha weka nguvu ya kutosha. Kilicholengwa kinaungua, na joto halipati nafasi ya kutoka nje kwenda kuchoma jirani.

Hapo kwenye muda ndipo watu wengi hupitwa. Mshipa wenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita hupoa kwa milisekunde chache, yaani sehemu chache za elfu za sekunde. Chembe ya melanini, ile inayotupa rangi ya ngozi, ni ndogo mno. Yenyewe hupoa ndani ya takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndiyo maana mashine ya mishipa hupiga kwa milisekunde, na mashine ya madoa hupiga kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde, au hata pikosekunde, ambazo ni fupi zaidi mara elfu. Zote zinaitwa leza, zote zina skrini inayong'aa, na zinafanya kazi mbili tofauti kabisa.

Sasa tuje kwenye wekundu.

Wekundu wa uso, mara nyingi, ni damu iliyo karibu na juu. Nikitaka kuhakikisha, nabonyeza ngozi kwa kipande cha kioo kisafi. Wekundu ukitoweka chini ya kioo na kurudi nikiachia, damu imo ndani ya mishipa, na leza ina cha kulenga. Usipotoweka, damu imevujia nje ya mishipa au kuna jambo lingine, na hapo natafuta sababu kwanza. Ni kipimo cha sekunde tano, hakihitaji umeme, na utashangaa ni mara ngapi hurukwa.

Himoglobini, yaani rangi ya damu, hunywa sana mwanga wa kijani na wa njano. Leza ya PDL, ambayo siku hizi hutumia mwanga wa nanomita 595 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na leza ya KTP yenye mwanga wa kijani wa nanomita 532, ndizo zinazotumika zaidi kwa wekundu uliotapakaa na mishipa myembamba ya mashavuni na puani. Mshipa ukiwa mnene, wa buluu na umekaa chini kidogo, daktari anaweza kuhamia kwenye Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho lakini huzama zaidi.

Niwapeleke kwenye kitanda chenyewe. Mgonjwa amelala, uso umeoshwa, hakuna poda wala krimu. Macho yamefunikwa kwa vikombe vya kinga. Kwenye ukingo wa tundu la pua kuna mshipa mmoja mwekundu uliopinda, mwembamba kama nywele. Ngozi inapozwa kwanza, kwa hewa baridi, kwa kichwa cha mashine chenye ubaridi, au kwa mvuke wa baridi unaopuliziwa kabla tu ya mpigo. Kisha mpigo mmoja. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia, mshipa ama unatoweka papo hapo, ama unageuka rangi na kuwa wa kijivu chenye ubuluu, kwa sababu damu ndani yake imeganda. Hapo mkono unasimama. Ngozi yenyewe ya juu ikigeuka nyeupe au kijivu, hiyo si dalili ya kazi nzuri. Hapo imeungua.

Maumivu? Yapo, ila ni ya kukatika: ni tone la mafuta ya moto lililoruka kutoka kikaangoni, likakupata shavuni, likaisha. Wengi huvumilia bila ganzi. Baadaye uso huwa mwekundu na kuvimba kidogo kwa siku moja hadi tatu, na asubuhi inayofuata kope zinaweza kujaa. Daktari akichagua mipigo mifupi ya PDL, hutokea alama za zambarau zinazoweza kukaa wiki moja hadi mbili. Si ajali, wakati mwingine ndivyo inavyotakiwa, lakini lazima uambiwe kabla. Mwenye harusi Jumamosi asije Jumatano.

Kwa kawaida huhitajika awamu mbili hadi nne, zikiachana wiki nne hadi sita, ili mwili upate muda wa kusafisha mishipa iliyokufa. Ipo pia mashine ya IPL, ambayo si leza: ni taa kali ya mwanga mchanganyiko, kuanzia karibu nanomita 500 hadi 1200, inayochujwa kwa vichujio. Kwenye ngozi nyeupe inasaidia sana wekundu na madoa ya jua kwa pamoja. Kwenye ngozi nyeusi mimi siipendi, na sababu nitaifikia.

Jambo ambalo matangazo hayalisemi ni kwamba mshipa uliofutwa haukuwa ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye rozasea, ugonjwa sugu wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni, uso wake huwaka moto akitoka juani, akinywa pombe, akila pilipili, akikasirika. Leza inapunguza mishipa na wekundu wa kudumu, ila haiondoi tabia ya ngozi kuwaka, na vile vipele vyenye usaha huhitaji dawa zake: metronidazo au asidi ya azelaiki ya kupaka, ivemektini ya kupaka, au doksisaiklini ya kumeza. Mishipa mipya itakuja na utarudi kwa awamu ya kukumbushia. Kwa wenye ngozi nyeusi kuna tatizo la ziada, kwamba wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo rozasea inachelewa kujulikana. Anachosema mgonjwa ni kwamba uso unawaka na kuchoma, na vipele havisikii dawa ya chunusi. Msikilizeni, hata kama hamuoni wekundu.

Halafu kuna wekundu ambao haupaswi kuona leza kabla ya maabara. Wekundu uliokaa kwenye mashavu na daraja la pua, ukiruka ile mikunjo inayotoka puani kwenda mdomoni, ukizidi kwa jua, kwa mtu anayeumwa viungo na kunyonyoka nywele, huo unaweza kuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Lupasi huingia kwenye figo. Ukiufuta uso ukaziacha figo, umemsaidia nani?

Sasa niseme la krimu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndilo linalonijazia foleni.

Mtu anaanza na krimu ya kung'arisha, au mkorogo aliochanganyiwa na mtu, au tyubu ya steroidi aliyopewa kwa upele wa siku tatu akaendelea nayo miaka. Miezi ya mwanzo uso unapendeza: laini, mweupe, bila kipele. Steroidi kali inabana mishipa na kutuliza uvimbe, kwa hiyo kila kitu kinaonekana shwari. Chini kwa chini ngozi inakonda. Siku moja anaona mishipa myekundu mashavuni, vinyweleo vimeongezeka, vipele vimezunguka mdomo, na akiacha krimu kwa siku mbili tu uso unawaka. Anairudia ili apate nafuu, na ndivyo anavyozidi kufungwa.

Mtu huyu akifika kwa mwenye mashine, atapigwa leza ya mishipa, kwa kuwa mishipa ipo na inaonekana. Lakini krimu bado iko kwenye mkoba. Mishipa itarudi, na ngozi iliyokonda inaungua kirahisi kuliko nzima. Kazi ya kwanza ni kuachana na krimu chini ya uangalizi, kwa kupunguza pole pole ikibidi, huku tukijua kwamba wiki za mwanzo, wakati mwingine miezi, uso utachachamaa kabla ya kutulia. Hapo ndipo wagonjwa wengi hukata tamaa, na ni haki yao kuambiwa mapema kwamba kuchachamaa huko hakumaanishi dawa mpya imewadhuru. Leza inaweza kuja baadaye kwa mishipa iliyobaki. Na kama kwenye mkorogo ule kulikuwa na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, iliyotumika kwa miaka, weusi wa kibuluu unaojitokeza mashavuni ni hali nyingine tena, ngumu kutibu. Aliyejichubua akija kwangu simhukumu. Namwomba tu alete tyubu zote, hata zile alizozificha.

Tuje kwenye madoa meusi. Hapa leza ni rafiki kwa wengine na adui kwa wengine, na kwa macho tu madoa yanaweza kufanana.

Doa la jua, lile lenye mipaka iliyo wazi linalowatokea zaidi watu wa ngozi nyeupe waliokwisha kula chumvi, ndilo rahisi. Leza yenye mpigo wa nanosekunde ikilipata, doa hugeuka jeupe mara moja kwa viputo vya joto, weupe huo hufifia ndani ya dakika, kisha kinatokea kigaga chembamba kinachobanduka chenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Usikibandue. Mara nyingi awamu moja au mbili hutosha.

Vile vinundu vidogo vyeusi vilivyoinuka mashavuni na karibu na macho, ambavyo vinawapata sana watu weusi na mara nyingi huonekana kwa mama, shangazi na watoto wa familia moja, havina madhara kabisa. Vinaweza kuondolewa kwa leza au kwa kuchomwa kwa umeme mdogo. Hatari yake iko kwenye tamaa: anayetaka kuvitoa vyote hadi mzizi kwa siku moja ataacha alama pengine mbaya kuliko vyenyewe.

Weusi unaobaki baada ya chunusi au kidonda ni majibu ya ngozi kwa uvimbe. Leza nayo huleta uvimbe. Mnaona tatizo liko wapi. Kwa wengi, kudhibiti chunusi, kujikinga na jua na kupewa muda wa miezi kadhaa hufanya kazi kuliko mashine.

Kisha melasma. Mabaka ya kahawia kwenye mashavu, paji la uso na juu ya mdomo, pande zote mbili, mara nyingi kwa akina mama, mengine yakianza na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango. Melasma siyo rangi iliyomwagika ukaifuta. Seli zinazotengeneza melanini zimechangamka kupita kiasi, mishipa ya damu chini yake imeongezeka, na jua, joto na homoni zinaendelea kuzichochea. Leza ikilipua melanini iliyopo, kiwanda bado kiko kazini, na joto la leza lenyewe linaweza kukichochea. Ndiyo maana mtu anatoka na uso safi, anapiga picha, na baada ya miezi miwili au mitatu mabaka yamerudi, pengine meusi kuliko awali. Wengine hupigwa kwa nguvu ndogo kila wiki, awamu nyingi mfululizo, hadi katikati ya mabaka vinatokea vidoa vyeupe ambavyo vingine havirudishi rangi.

Sisemi leza haina nafasi kabisa kwa melasma. Nasema haianzi. Inayoanza ni losheni ya kujikinga na jua kila asubuhi, na kwa ngozi nyeusi ichaguliwe ile yenye rangi, iliyo na oksidi ya chuma, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana, hasa ule wa buluu, huchochea melasma na losheni nyingi zisizo na rangi hazimudu kuuzuia. Kisha dawa za kupaka kwa muda uliopangwa na daktari: haidrokwinoni kwa miezi michache na si miaka, tretinoini, asidi ya azelaiki. Kwa waliochaguliwa vizuri kuna vidonge vya asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, ambayo haifai kwa mtu aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa. Leza ya upole huja baadaye, ikiwa itakuja.

Nilisema nitarudi kwenye ngozi nyeusi. Mwanga wowote unaokwenda kutafuta mshipa lazima upite kwenye ngozi ya juu, na ngozi yetu ya juu imejaa melanini. Melanini inaunywa mwanga njiani kabla haujafika. Matokeo yake ni malengelenge, weusi mpya, au weupe. Kadiri mwanga unavyokuwa na urefu mkubwa wa wimbi, melanini huunywa kidogo, ndiyo sababu ile ya nanomita 1064 huonekana salama zaidi kwetu, na KTP na IPL huhitaji tahadhari kubwa. Daktari makini atapunguza nguvu, atarefusha mpigo, ataipoza ngozi vya kutosha, na atapiga sehemu ndogo ya majaribio karibu na sikio kisha akuambie urudi baada ya wiki kadhaa. Anayetaka kukupiga uso mzima siku ya kwanza, ngozi yako ikiwa nyeusi au ikiwa bado imeiva kwa jua la likizo, mshukuru na uondoke.

Nimeambiwa nimebakiwa na muda wa maswali.

Dada wa nyuma ameuliza kuhusu nyusi zilizochorwa kwa wino wa kudumu. Swali zuri. Mwambie daktari kabla, kwa sababu wino wa rangi ya ngozi, mweupe au mwekundu unaweza kuwa na oksidi ya chuma au titani, na mpigo wa nanosekunde unaweza kuugeuza mweusi hapo hapo. Ni vivyo hivyo kwa midomo iliyochorwa. Mwambie pia kama umewahi kuchomwa sindano za dhahabu kwa ajili ya baridi yabisi, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Dhahabu hukaa ngozini, na aina hiyo ya leza huweza kuigeuza ngozi kuwa ya buluu ya kijivu. Ni jambo adimu, ila mgonjwa mwenyewe ndiye anayelijua.

Mama mwenye mtoto mchanga, nimekuona. Baka jekundu bapa la kuzaliwa usoni hutibiwa kwa PDL, na kuanza mapema utotoni kuna faida kwa kuwa ngozi bado ni nyembamba na baka ni dogo. Likiwa limefunika paji la uso au ukope wa juu, mpeleke kwanza akapimwe macho na ubongo, maana mara nyingine baka hilo huambatana na presha ya macho na kifafa. Lakini kama ni uvimbe mwekundu ulioinuka uliotokea wiki za kwanza na unakua kwa kasi, huo ni mwingine. Tangu mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux walipoonyesha kuwa propranololi, dawa ya moyo, huusinyaza, wengi hutibiwa kwa dawa hiyo ya kunywa chini ya uangalizi.

Ndiyo, kaka, miwani ni lazima, na si miwani yoyote. Kila urefu wa wimbi una miwani yake, imeandikwa kwenye fremu au kwenye kioo. Mwanga wa nanomita 1064 hauuoni ukija, hauumi ukiingia, na unaweza kuunguza nyuma ya jicho moja kwa moja. Ukiingia chumbani ukakuta mlango uko wazi, watu wanapita na mwenye mashine hana miwani, rudi ulikotoka.

Na mzee wangu hapa mbele, shikamoo. Unasema doa la kwenye paji la uso limekuwepo siku nyingi, ila mwaka huu limepanuka, upande mmoja limekuwa jeusi zaidi, na ukijifuta uso linatoa damu kidogo. Hilo lisiguswe na leza ya mtu yeyote. Saratani za usoni kwa watu weusi mara nyingi huja zikiwa na rangi, hudhaniwa doa la uzee, na leza ikilifuta doa juu, saratani inabaki chini bila alama ya kutuonyesha pa kukata. Linahitaji kukatwa kipande kidogo kiende maabara, kwa ganzi, kazi ya dakika chache. Usiondoke, mzee, taa yangu ya kuangalia ngozi iko kwenye begi, tutalitazama mimi na wewe kisha nikuandikie barua ya rufaa.